Sura ya Saba: Kupima Antena kwa Mita za Kujitengenezea

Antena haina uso wa kusomeka. Waya wa mita 20 uliotundikwa kati ya nguzo mbili huko Mutoshi huonekana vilevile, uwe unapeleka mawimbi hadi Mombasa au unayarudisha karibu yote ndani ya redio iliyoyatoa. Kiungo kilichooza ndani ya utepe wa plastiki, kebo iliyoingia maji ya mvua ya Januari, waya uliozidi nusu mita: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonekana na mtu aliyesimama chini. Kinachoonekana ni matokeo tu, nayo huja yamechelewa, transista za mwisho za redio zikiwa zimeshaungua.

Mutoshi iko kaskazini-mashariki mwa mji wa Kolwezi, makao makuu ya mkoa wa Lualaba, kwenye uwanda ulio zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mgodi wake uliitwa Ruwe wakati wa ukoloni, na mwanzoni mwa karne ya 20 ulijulikana kwa dhahabu na platini kabla shaba na kobalti hazijashika nafasi yote. Katika nchi ya Kongo redio ya mawimbi mafupi ilikuwa chombo cha kazi. Kabla simu za mkononi hazijaenea, misheni, wafanyabiashara, viwanja vya ndege na mashirika ya misaada ya Kongo waliwasiliana kwa foni, yaani chumba chenye redio, betri ya gari na waya uliovutwa juu ya paa. Habari za msiba na habari za mzigo zilipita humo humo. Redio ya ridhaa, ile inayoendeshwa kwa kujifunza na kwa mapenzi wala si kwa malipo, ni ndugu wa foni. Vituo vya ridhaa vya enzi ya Wabelgiji vilijitambulisha kwa OQ5. Vya leo huanza na 9Q.

Mita za kiwandani za kupimia antena zipo, lakini si lazima fundi azisubiri. Sehemu zote za mita ya kwanza zimelala katika vibanda vya mafundi wa redio na televisheni: ndani ya deki za kaseti zilizokufa, ndani ya redio za zamani, na ndani ya taa za kubana matumizi zilizotupwa. Kinachohitajika ni kujua sehemu ipi inafaa, ipi itadanganya, na namna ya kuithibitisha mita kabla ya kuiamini.

Kinachopimwa

Redio nyingi za kurusha hutengenezwa zikitarajia kukuta mzigo wa omu 50, na kebo za RG-58 au RG-213 zinazotoka kwenye redio zina impidansi hiyohiyo. Antena ikiwa nayo ni omu 50, nguvu yote inayoifikia huingia. Isipokuwa 50, sehemu ya nguvu hugeuka na kurudi ilikotoka. Mtu akishika ncha ya kamba iliyofungwa ukutani na kuipiga mtikiso mmoja, tuta husafiri mpaka ukutani kisha hurudi mkononi mwake. Ndani ya kebo hutokea jambo lilelile, kwa kasi kubwa mno. Wimbi linalokwenda na linalorudi hukutana njiani. Yanapoungana volti hupanda, yanapopingana hushuka, na vilele hivyo hubaki palepale kana kwamba wimbi limesimama. Uwiano wa volti ya juu kabisa na ya chini kabisa kwenye kebo ndio SWR. Waliosomea ufundi kwa Kifaransa husema ROS, na wengi TOS.

SWR ya 1 maana yake hakuna kinachorudi. Ikiwa 1.5, hurudi asilimia 4 ya nguvu. Ikiwa 2, asilimia 11. Ikiwa 3, asilimia 25. Tarakimu hizi zinafaa kukaa kichwani kwa sababu huondoa hofu nyingi. Kupanda na kushuka ngazi siku nzima ili SWR itoke 1.5 ifike 1.1 ni kuhangaikia asilimia 4, na hakuna sikio, la Lubumbashi wala la Dar es Salaam, litakaloitambua tofauti hiyo. Ikipita 2, redio nyingi za kisasa huanza kujipunguzia nguvu zenyewe. Ikipita 3, redio isiyo na kinga imo hatarini.

Kila kipimo cha antena, kiwe cha kopo la maziwa au cha maelfu ya dola, hufanya jambo moja tu: hulinganisha antena na rezista inayojulikana. Kwa hiyo kazi huanza kwenye rezista.

Mzigo wa bandia

Mzigo wa bandia ni rezista ya omu 50 inayokaa mahali pa antena. Hauna mawimbi unayorusha. Unachofanya ni kuipokea nguvu yote ya redio na kuigeuza joto. Kwa mzigo huu redio hujaribiwa bila kusumbua mtu hewani, na kila mita itakayotengenezwa baadaye itathibitishwa kwake. Fundi anayeuruka mzigo wa bandia ili awahi kutengeneza mita anajenga kuta bila msingi.

Njia ya kawaida ni kuunga sambamba rezista 20 za omu 1,000, kila moja ya wati 2. Kwa pamoja hutoa omu 50 na kubeba wati 40. Hupangwa zikiwa wima kati ya vibati viwili vya duara vilivyokatwa kwenye kopo, miguu yake ikiwa mifupi kadiri inavyowezekana. Kibati cha juu huungwa kwenye kiini cha soketi, cha chini kwenye ganda lake. Ufupi wa miguu si urembo. Kwenye mawimbi ya megahezi 28 kila sentimita ya waya ni koili ndogo, na koili ndogo kadhaa zikijumlishwa mzigo huacha kuwa omu 50.

Hapa ndipo wengi hukosea. Rezista nyeupe za saruji zinazotolewa kwenye televisheni zilizokufa zinavutia kwa sababu zinabeba wati 5 au 10 kila moja. Testa ikiunganishwa nazo itasoma omu sahihi kabisa. Lakini ndani yake mna waya uliosokotwa, na waya uliosokotwa ni koili. Testa hupima kwa mkondo wa betri usiobadilika, hivyo haioni koili hiyo, lakini redio itaiona. Zinazofaa ni rezista za kaboni au za utando wa metali.

Ili mzigo ubebe nguvu zaidi kwa muda mfupi, huzamishwa ndani ya kopo la mafuta, yawe mapya ya injini au hata ya kupikia. Mafuta yaliyozeeka ya transifoma za umeme yasiguswe kabisa. Transifoma nyingi za zamani duniani zilijazwa mafuta yenye PCB, kemikali inayosababisha saratani na isiyotoka mwilini kwa urahisi, na mtu hawezi kuitambua kwa rangi wala kwa harufu.

Daraja la rezista tatu

Samuel Hunter Christie alieleza mzunguko wa daraja mwaka 1833, na Charles Wheatstone akaueneza mwaka 1843 kwa ajili ya kupimia omu za nyaya. Daraja hilohilo, likijengwa kwa sehemu zinazostahimili mawimbi ya redio, ndilo mita bora ya kwanza ya antena. Linahitaji rezista tatu za omu 50, daiodi moja, kapasita moja, rezista moja ya kuzungusha na mita ya mshale.

Mpangilio ni huu. Kwenye kiini cha soketi ya redio huanzia njia mbili. Njia ya kwanza hupita rezista ya omu 50 kisha huingia kwenye soketi ya antena. Antena yenyewe ndiyo inayokamilisha njia hadi kwenye bati la kopo ambalo mita hujengwa ndani yake. Njia ya pili hupita rezista ya omu 50, kisha nyingine ya omu 50 inayoishia kwenye bati. Sasa kuna vituo viwili vya katikati: kimoja pale rezista ya kwanza inapokutana na antena, kingine pale rezista mbili za njia ya pili zinapokutana. Kati ya vituo hivyo huwekwa daiodi na mita. Antena ikiwa omu 50, njia zote mbili zinafanana, volti za vituo viwili ni sawa, na mshale haunyanyuki. Antena ikiwa kitu kingine, mizani hulemea upande mmoja na mshale hupanda.

Uzuri wa daraja hili umo katika hesabu yake. Volti kati ya vituo viwili hulingana moja kwa moja na sehemu ya wimbi inayorudi. Soketi ya antena ikiachwa wazi bila kitu, wimbi lote hurudi, na rezista ya kuzungusha hurekebishwa mpaka mshale ufike mwisho wa kipimo, yaani 100. Kuanzia hapo hakuna haja ya jedwali: mshale ukisimama kwenye 20, SWR ni 1.5, kwenye 33, ni 2, kwenye 50, ni 3. Alama hizo tatu huandikwa kwa kalamu ya wino kwenye karatasi iliyo nyuma ya mshale, na mita huwa imekamilika.

Nguvu ya kutumia ni wati 2, si zaidi. Wati 2 ndani ya omu 50 ni volti 10 kamili, hesabu inayorahisisha kila kitu. Soketi ikiwa wazi, kilele cha volti kati ya vituo viwili hufika karibu 7. Mita ya mshale wa maikroampea 200 itahitaji takriban omu 35,000 mbele yake, kwa hiyo rezista ya kuzungusha ya omu 50,000, iliyotolewa kwenye kitufe cha sauti cha redio mbovu, inatosha. Kapasita ya kulainisha ni ile ndogo ya rangi ya udongo iliyoandikwa 103, yaani nanofaradi 10. Kila rezista ya omu 50 hujengwa kwa mbili za omu 100, wati 2 kila moja, zikiwa sambamba. Rezista iliyo kwenye njia ya antena ndiyo yenye mzigo mkubwa: antena ikiwa imeshikana na ardhi, hiyo peke yake hubeba volti zote 10 na kula wati 2.

Kopo la maziwa ya unga ni sanduku linalofaa kuliko la plastiki. Bati lake hupokea risasi ya kulehemu bila shida, na ukuta wake huzuia mawimbi ya nje kuingia kwenye daiodi. Rangi ya ndani, kama ipo, hukwanguliwa kwa kisu mpaka bati ling'ae, kisha hulehemewa kwa chuma kilichopata moto wa kutosha. Chuma baridi huacha kidonge cha risasi kilichokaa juu ya bati bila kushikana nalo, kikingojea kubanduka siku ya upepo. Soketi mbili huwekwa karibu, sentimita tano au sita kati yake, na rezista ya antena huvutwa moja kwa moja kutoka soketi hadi soketi. Rezista mbili za njia ya pili hukaa kando, mbali na ile ya kwanza, zisije zikaambukizana mawimbi.

Mshale wenyewe hupatikana kwenye deki za kaseti na vikuza sauti vya zamani, vile vyenye dirisha dogo lililocheza kwa kufuata muziki. Ndani ya mita nyingi za mshale za zamani mna sumaku ya Alnico, mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti. Kongo huchimba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, na sehemu kubwa yake hutoka kwenye ukanda huu wa Kolwezi. Kwa hiyo si ajabu ikiwa punje fulani ya udongo huu ilisafiri, ikageuzwa sumaku, na sasa inasukuma mshale mezani Mutoshi.

Daiodi inastahili uangalifu kuliko sehemu nyingine zote. Daiodi ya silikoni haipitishi kitu mpaka ipate karibu volti 0.6. Kwa volti 7 za daraja hili, maana yake mshale utalala kwenye sifuri wakati SWR bado ni karibu 1.2, na fundi ataamini amefika kumbe hajafika. Daiodi ya jerimani huamka kwenye volti 0.2 au 0.3, na bado hupatikana ndani ya redio za transista za zamani: ni kidonge cha kioo kirefu kidogo, ambacho ndani yake huonekana sindano nyembamba ikigusa kipande cha madini. Haipendi joto. Wakati wa kulehemu, mguu wake hubanwa kwa koleo kati ya kidonge na chuma cha moto, joto liishie kwenye koleo.

Mafundi wengine huacha mita na kuweka taa ndogo ya LED pamoja na rezista ya omu 1,000. Hupungua mwanga kadiri antena inavyokaribia omu 50, na usiku kazi yake ni rahisi. Lakini taa nyekundu inahitaji karibu volti 1.8 kabla ya kuwaka, hivyo huzimika SWR ikiwa bado kati ya 1.5 na 2. Kwa kutafuta mahali pa kukata waya inatosha. Kwa kujua tarakimu haitoshi.

Kabla ya antena yoyote kuunganishwa, daraja huhojiwa. Mzigo wa bandia wa omu 50 uwekwe: mshale lazima ulale sifuri. Kisha rezista ya omu 100: mshale lazima usimame 33. Kisha rezista ya omu 25, yaani mbili za 50 sambamba: mshale lazima urudi pale pale 33, kwa sababu mara mbili ya 50 na nusu ya 50 zote ni SWR 2. Kisha omu 150: mshale 50. Maswali hayo yarudiwe kwenye megahezi 7, 14 na 28. Daraja linalojibu sawasawa kwenye 7 na kuyumba kwenye 28 lina miguu mirefu mahali fulani, nayo itafutwe ifupishwe. Pungufu dogo kwenye alama za chini ni la daiodi, na linasameheka. Mita isiyopita mtihani huu ni pambo.

Daraja lina kinga yake na lina gharama yake. Kinga ni kwamba, hata waya wa antena ukikatika au ukigusa ardhi, redio haitaona SWR zaidi ya 2, kwa hiyo transista zake ziko salama wakati wa marekebisho. Gharama ni kwamba robo moja tu ya nguvu huifikia antena. Robo tatu huishia kwenye rezista. Kwa hiyo baada ya kupima, daraja hutolewa kwenye njia, au huwekewa swichi ya kuliruka.

Mita za kukaa njiani, na ndugu zake

Mita inayoweza kubaki kwenye kebo wakati wote ni ya aina nyingine. Warren Bruene, mhandisi wa kampuni ya Collins Radio, aliieleza katika jarida la QST mwaka 1959, na mita nyingi za dukani hadi leo ni watoto wa mchoro wake. Waya wa katikati wa kebo hupitishwa ndani ya pete ya feraiti iliyosokotwa nyaya kadhaa. Pete husoma mkondo, kapasita mbili husoma volti, na vipimo viwili vikijumlishwa au kutolewa hutenganisha wimbi linalokwenda na linalorudi. Pete ndogo za kujaribia hupatikana ndani ya kitako cha taa za kubana matumizi, ila kioo chake kisivunjwe kwa sababu kina zebaki. Pete za manjano za kompyuta zina unga wa chuma uliokusudiwa masafa ya chini, nazo zitamkatisha fundi tamaa. Ujenzi huu ni wa pili, si wa kwanza. Bila daraja na mzigo wa bandia hakuna namna ya kujua kama pete imesokotwa sawasawa.

Kipima nguvu ya mawimbi ni rahisi kuliko vyote. Fimbo ya nusu mita, daiodi ya jerimani, kapasita na mshale: hakina betri, kwa kuwa kinakula mawimbi yenyewe. Hakitoi tarakimu ya kuandika popote, lakini kinajibu swali ambalo SWR haiwezi kulijibu, yaani kama kweli kuna kitu kinachotoka hewani. Mzigo wa bandia una SWR ya 1 kamili na haurushi chochote. Antena yenye SWR nzuri isiyonyanyua mshale wa kipima nguvu iko katika hali hiyohiyo.

Kipo pia kile kinachoitwa dipu, kisilata (mzunguko unaozalisha mawimbi) kidogo cha transista kama J310 au MPF102, chenye koili iliyochomoza nje na kapasita ya kuzungusha iliyotoka kwenye redio. Koili ikisogezwa karibu na koili nyingine au na kitanzi kilichounganishwa kwenye antena, na masafa yakizungushwa polepole, mshale hushuka ghafla pale masafa mawili yanapokutana. Faida yake ni kwamba antena inachunguzwa redio ikiwa imezimwa. Udhaifu wake ni kwamba masafa huhama koili ikisogezwa karibu mno, kwa hiyo usomaji wa haki ni ule wa mbali, mshale ukishuka kidogo tu.

Miaka ya karibuni nafasi ya kisilata hicho imechukuliwa na kijibati cha AD9850, kinachozalisha masafa yoyote hadi megahezi 40 kwa amri ya kompyuta ndogo ya Arduino. Kikiunganishwa na daraja lilelile la rezista tatu, huzunguka masafa yote kwa sekunde chache na kuchora mstari wa SWR. Kifaa cha NanoVNA, kilichobuniwa Japani na ambacho nakala zake za bei nafuu zilienea kuanzia 2019, kinakwenda mbali zaidi: huonyesha kama antena ina tabia ya koili au ya kapasita. Ni kifaa kizuri sana, na anayekipata asikikatae. Lakini hata hicho, kabla ya kufanya kazi, huomba kiunganishwe na vitu vitatu kwa zamu: soketi iliyo wazi, soketi iliyofungwa, na rezista ya omu 50. Aliyejenga daraja anaelewa kinachoombwa na sababu yake. Asiyejenga hubonyeza vitufe na kuamini mchoro wowote unaotokea.

Kupima juu ya udongo wa Mutoshi

Antena ya kwanza ya watu wengi ni waya wa nusu wimbi uliokatwa katikati. Urefu wake kwa mita ni takriban 143 kugawanya kwa megahezi. Kwa megahezi 7.1, katikati ya ukanda wa 7.0 hadi 7.2, jibu ni mita 20.14. Busara ni kukata waya uzidi, tuseme mita 21, kisha kutumia daraja kutafuta masafa ambayo mshale unashuka kuliko yote. Ukishuka kwenye 6.81, waya ni mrefu: 21 mara 6.81 kugawanya kwa 7.1 ni 20.14, kwa hiyo sentimita 86 zitolewe, 43 kila upande. Zisikatwe siku hiyo. Hukunjwa nyuma na kufungwa, kipimo kikarudiwa, na mkasi ukasubiri mpaka antena imepita msimu mmoja.

Sababu ya kusubiri ni udongo. Kuanzia Mei hadi Septemba ardhi ya Kolwezi hukauka mpaka vumbi jekundu linapaka mabati. Mvua zikianza, ardhi ileile hushika maji na kupitisha umeme vizuri zaidi. Antena iliyo chini, mita tano au sita juu ya ardhi, huhisi mabadiliko hayo: masafa yake huhama na omu zake hubadilika. Fundi anayeandika vipimo vya Agosti na vya Februari kwenye daftari moja atajifunza tabia ya kiwanja chake kuliko kitabu chochote kinavyoweza kumfundisha.

Kebo nayo ina hila. Kebo nyeupe au nyeusi ya madishi ya televisheni, RG-6, imejaa mjini na ni ya omu 75. Inatumika bila aibu. Omu 75 dhidi ya 50 ni SWR 1.5 tu, na waya wa nusu wimbi ulio juu angani una omu 73, kwa hiyo wawili hao wanaelewana. Hila kubwa ni upotevu. Kebo inayopoteza nusu ya nguvu njiani hupoteza nusu ya kile kinachorudi pia. Ikiwa hata antena haipo kabisa mwishoni, mita iliyo mezani itasoma SWR ya 3 badala ya kitu kisicho na mwisho, na antena mbovu itaonekana ya wastani. Kebo ya zamani iliyolowa maji huonyesha SWR nzuri kuliko mpya. Kwa hiyo kipimo cha kuaminika ni kile kilichofanywa chini ya antena yenyewe, na daraja la kopo, lenye uzito mdogo, hupandishwa hadi hapo.

Kuhusu waya, uchaguzi wa shaba unaonekana wa lazima katika nchi ambayo mkoa wake wote uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Si lazima. Kwenye megahezi 7 mkondo husafiri kwenye ngozi ya waya peke yake, unene wa takriban milimita 0.025, na alumini hufanya kazi karibu sawa. Waya wa shaba unaoning'inia wazi Kolwezi huibiwa na kuuzwa kwa kilo; wa alumini hauvutii macho hayo.

Kolwezi pia ni mwisho wa laini ya umeme iliyotoka Inga, kilomita 1,700 za mkondo mnyoofu wa volti 500,000 juu na chini ya sifuri, iliyokamilika 1982. Mitambo ya kugeuza umeme wa namna hiyo, pamoja na injini za migodi, hutoa mingurumo kwenye mawimbi mafupi. SWR haigusi kelele hiyo hata kidogo. Kipimo chake ni redio ya kupokea, ikisikilizwa waya ukiwa umeelekezwa huku kisha kule. La muhimu kuliko kelele ni usalama: waya wa antena usipite juu wala chini ya nyaya za umeme, hata zile zinazosemekana hazina moto. Na radi za uwanda huu hazihitaji kusimuliwa. Antena hutenganishwa na redio kabla ya wingu kufika, na hakuna anayepanda ngazi kupima saa za mchana za msimu wa mvua mbingu ikiwa imeanza kufunga.

Kurusha mawimbi, hata kwa wati 2 za kupimia, kunahitaji kibali cha mamlaka ya taifa ya mawasiliano. Kusikiliza masafa ya ridhaa ndiyo njia ya kuanzia, na kuna kipimo cha mwisho kinachofanyika kwa kusikiliza. Kwenye megahezi 14.100 vituo 18 duniani hupokezana, sekunde kumi kila kimoja, mzunguko mzima ukichukua dakika tatu. Kituo cha Kenya, 5Z4B, kiko takriban kilomita 1,600 kutoka Kolwezi, na zamu yake huanza dakika moja na sekunde 50 baada ya mzunguko kuanza, mara tu baada ya ZS6DN cha Afrika Kusini. Kila kituo hutaja jina lake kwa Morse kwa wati 100, kisha hupiga mlio mrefu wa wati 100, wa pili wa wati 10, wa tatu wa wati 1 na wa nne wa wati 0.1. Milio inayosikika huhesabiwa kwa antena ya kwanza, na katika mzunguko unaofuata kwa antena ya pili. Zoezi hurudiwa jioni kadhaa, na hesabu huandikwa daftarini pamoja na saa na tarehe.